Bwana Msa Avuke Rusizi? Mpelelezi wa Kiswahili na Warithi Wake

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi ambalo lilizua mabishano, kwanza darasani, kisha katika chumba cha walimu. Zoezi lenyewe lilikuwa na sentensi tatu: Bwana Msa amefika Kamembe. Kuna maiti. Endelea.

Mwenzangu mmoja wa sarufi, ambaye namheshimu sana, alisema kwamba huko ni kufundisha wizi, kwa kuwa mhusika yule ana mwenyewe, na mwenyewe ameshafariki. Mwingine akasema kwamba riwaya pendwa hazina nafasi chuoni, waachiwe abiria wa basi la Kigali wazisome wakipita Nyungwe. Makala haya ni jibu langu kwa wote wawili. Lakini jibu halitaeleweka bila historia, kwa hiyo naomba ndugu msomaji anivumilie tuanzie Unguja.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kabla hajawa mwandishi alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, yaani bwana afya, kama watu wetu wanavyosema. Mwaka 1948 akaingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, akapita katika magazeti mengine ya Unguja, na mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968. Wahakiki hupita haraka juu ya maisha haya ili wafike kwenye vitabu. Mimi nadhani tungekaa hapo kidogo. Bwana afya ni mtu anayeruhusiwa kuingia ua wa kila nyumba, akachungulia kisima na choo, akauliza maji yanatoka wapi na nani amelala hapa jana. Watu humwamkia kwa adabu na kumficha mambo. Anayetaka kujua Bwana Msa alijifunza wapi kutazama, asiangalie London peke yake.

London nayo imo, hilo halina ubishi. Katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, mswada wa Abdulla ulipata zawadi ya kwanza, na mwaka 1960 ukatoka kama kitabu, Mzimu wa Watu wa Kale. Mwenye mashamba, Bwana Ali, anakutwa amekufa penye mzimu. Watu wanaogopa, maana mahali pale pana wenyewe wasioonekana. Inspekta Seif anahangaika. Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake na utulivu wake, na sahibu yake Najum ambaye kazi yake kubwa ni kuuliza maswali ambayo wewe na mimi tungeuliza. Aliyemsoma Sherlock Holmes atatambua mara moja kiko, sahibu na polisi anayechelewa. Arthur Conan Doyle alikuwa amewaweka hao watatu pamoja tangu mwaka 1887.

Kwa hiyo Bwana Msa mwenyewe ni mwendelezo. Hili ndilo jambo la kwanza nililotaka mwenzangu wa sarufi alione. Abdulla hakumchukua Holmes akambadilisha jina. Alichukua nafasi ile, ya mtu anayesema kwamba kila kilichotokea kina sababu na sababu hiyo inaweza kuonekana, akaipeleka mahali ambapo sababu iliyokuwa karibu zaidi na midomo ya watu ni mzimu. Holmes alibishana na polisi wavivu. Bwana Msa alibishana na hofu ya mtaa mzima. Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilichotoka mwaka 1968, kinabeba jina la mahali ambapo wazee wa visiwani husimulia kuwa ndiko wachawi wanakokutana. Jina peke yake linamwambia msomaji wa Unguja vita itakuwa juu ya nini.

Vikafuata Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Tazama miaka hiyo. Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili yako Mapinduzi ya Januari 1964. Mabwana wenye mashamba, wale ambao kifo chao kilikuwa kinamtoa Bwana Msa nyumbani, hawakuwa tena na mashamba hayo. Mpelelezi akaendelea na kazi. Visa vikazidi kuwa na mafundo, Kiswahili kikazidi kukolea, lakini ulimwengu anaotembea Bwana Msa kwa sehemu kubwa ni Unguja ya kabla ya kishindo. Wako wanaomlaumu Abdulla kwa hilo. Mimi silaumu. Mfululizo wa upelelezi una tabia ya kusimamisha saa, na Holmes naye aliendelea kupanda gari la farasi wakati wasomaji wake walishapanda teksi.

Abdulla alifariki mwaka 1991. Na hapo linakuja swali la zoezi langu: mpelelezi aliyefiwa na mwandishi wake huendelea vipi?

Waingereza wamelijibu swali hili kwa njia ya mirathi. Conan Doyle alimuua Holmes mwaka 1893, wasomaji wakamlazimisha amfufue, na alipofariki yeye mwenyewe mwaka 1930 mhusika akabaki. Mwaka 1954 mwanawe Adrian, akishirikiana na John Dickson Carr, alitoa kitabu cha visa vipya. Mwaka 2011 Anthony Horowitz akaandika The House of Silk kwa idhini ya wasimamizi wa mirathi. Hercule Poirot wa Agatha Christie alikufa kitabuni mwaka 1975, bibi mwenyewe akafariki mwaka 1976, na mwaka 2014 Sophie Hannah akamrudisha kwa ruhusa ya familia. Angalia ujanja wa Hannah: kisa chake kinatokea mwaka 1929, kabla ya kifo cha mhusika, kwa hiyo hakuna kaburi lililofukuliwa. Televisheni ya Uingereza ilifanya kinyume chake mwaka 2010, ikamleta Holmes katika London ya simu za mkononi. Njia ni hizo mbili, ama mwandishi anarudi nyuma kwenye zama za mhusika, ama anamleta mhusika kwenye zama zake. Zote zinahitaji wakili.

Kwetu mwendelezo ulikwenda kwa njia nyingine, nayo ndiyo inayonivutia zaidi. Jina la mpelelezi halikurithiwa. Kilichorithiwa ni kiti chake, na kila aliyekikalia alibadilisha mwajiri.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na hapo tayari tumeondoka kisiwani tumeingia Dar es Salaam, mji wa simu na magari, na anayefuatilia ni polisi. Kile ambacho Abdulla alikifanyia kichekesho, yaani cheo cha inspekta, Katalambulla anakipa heshima. Nchi ilikuwa changa, na polisi walikuwa wetu.

Kisha akaja Elvis Musiba na Willy Gamba. Kufa na Kupona kilitoka mwaka 1974, na Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, kabla ya Njama na vingine. Gamba si mtu wa kiko. Ana bastola, anapanda ndege, analala hoteli kubwa, na wanawake humwangalia kwa namna ambayo hunilazimu kuchagua kwa uangalifu kurasa za kusoma kwa sauti darasani. Babu yake huyu si Holmes tena, ni James Bond. Lakini tazama anafanya kazi gani. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963 hadi mwaka 1994, na katika Kufa na Kupona nyaraka za siri za ukombozi zinaibwa na Gamba anatumwa kuzifuata hadi Nairobi. Katika Kikosi cha Kisasi tunafika Kinshasa. Bwana Msa alitafuta aliyemuua jirani, naye Gamba anatafuta anayetaka kuua bara zima. Bond alikuwa mlinzi wa dola iliyokuwa ikipoteza makoloni, na Musiba akachukua vazi hilohilo akamvisha mtu anayewasaidia waliokuwa wakijikomboa. Mtu akisema hii ni fasihi ya kuigiza, naomba anieleze kuigiza kunaishia wapi.

Wa tatu ni Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Mtobwa alitoka Kigoma, ng'ambo ya Tanganyika, jirani yetu kuliko wengi wanavyofikiri, na alifariki mwaka 2008. Yeye alikuwa mwandishi na mchapishaji pia, kwa jina la Heko. Miaka ya 1980 ilikuwa migumu Tanzania. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, karatasi ilikuwa adimu, na bado vitabu vyembamba vya upelelezi vilitoka na vikauzwa barabarani. Joram si askari wala mtumishi wa serikali. Ni mpelelezi wa kujitegemea anayeitwa pale wenye vyeo wanaposhindwa, na pembeni yake yuko Nuru, msichana ambaye hangoji kuelezewa mambo kama Najum. Kiti kimerudi kwa mtu binafsi, lakini mtu huyu ameshaijua serikali, na haiamini sana.

Hivyo ndivyo ninavyousoma mfululizo wetu. Kutoka kwa Abdulla hadi kwa Mtobwa, kila mwandishi alilijibu upya swali la nani ana haki ya kuuliza. Kwa Abdulla ni mtu mwenye akili, kwa Katalambulla ni polisi, kwa Musiba ni taifa lililotuma mtu wake, na kwa Mtobwa ni raia. Ukiona hivyo, zoezi langu halikuwa la kumuiba Bwana Msa, bali la kuuliza kiti hicho, kikiletwa hapa Rusizi, atakikalia nani.

Hapa niseme nilivyokutana navyo mimi. Mwaka 1999 hivi, nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, kitabu cha kwanza cha Kiswahili kuwa changu kilifika Kamembe ndani ya mzigo wa dagaa kutoka Bujumbura, kikiwa kimepitia Buyenzi na mpaka wa Ruhwa. Hakikuwa na jalada. Kurasa za mwisho pia hazikuwepo, na harufu yake sitaieleza. Nilikisoma mara tatu na kwa kuwa mwisho haukuwepo, nikajitungia. Nilimchagua muuaji wangu, nikajiridhisha kwa ushahidi, nikawasimulia wenzangu bwenini na wao wakakubali. Miaka minane baadaye, nikisoma uzamili Dar es Salaam, nilikikuta kitabu hicho maktabani kikiwa kizima. Kilikuwa Kisima cha Giningi. Nilisoma kurasa za mwisho nimesimama. Mtu niliyemtia hatiani hakuwa na hatia, na nilikuwa nimewaaminisha bweni zima.

Kisa hiki huwachekesha wanafunzi, nami hucheka nao, lakini si kila mwaka.

Maana kuna jambo ambalo mtu wa Unguja au wa Nairobi anaweza kufundisha riwaya ya upelelezi bila kuligusa, na sisi hatuwezi. Riwaya hizi zote husimama juu ya msingi mmoja: jamii ni nzima, ameuawa mmoja, ameua mmoja, na akitajwa, wengine wote wanatakasika na kurudi nyumbani. Nchi hii imepitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na hapa Cyangugu, kama kwingine, waliouawa walikuwa wengi na waliohusika walikuwa wengi, nao walijulikana kwa majina na kwa nyumba. Swali halikuwa nani, kama kwenye kitabu. Maswali yalikuwa miili iko wapi, nani alisimama pale na asiseme, na tutaishije. Mahakama za gacaca zilianza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa Juni 2012, baada ya kusikiliza kesi karibu milioni mbili. Waliouliza hawakuwa wapelelezi. Walikuwa majirani, wameketi majanini, na anayejibu ni jirani vilevile. Bwana Msa angeketi wapi hapo?

Swali hilo halikutoka kwangu. Lilitoka kwa mwanafunzi aliyenyoosha mkono dakika kumi baada ya kuandika zoezi ubaoni, akasema, "Mwalimu, huyu bwana hapa hana kazi. Hapa watu wanajua, hawasemi tu." Nikamwambia aandike hilohilo.

Karibu nusu ya darasa walifuata njia ya Hannah bila kumjua: walirudi nyuma. Wakamleta Bwana Msa Kamembe ya miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, akiwa mgeni wa mfanyabiashara Mswahili. Insha hizi zilikuwa safi na nyingi zilikuwa baridi. Kosa lake lilikuwa lugha. Bwana Msa aliongea Kiswahili cha kitabu cha mazoezi, na mtu yule bila Kiunguja chake ni koti bila mtu ndani. Jina lake tu ni somo: Msa ni Musa aliyepita katika kinywa cha Mwunguja. Kwa mara ya kwanza sikuhitaji kuwahimiza watafute misemo na methali. Walizihitaji, maana bila hizo mhusika alikuwa anakufa mikononi mwao. Niliona wanafunzi wawili wakibishana juu ya neno "sahibu" na "rafiki" kwa muda wa kipindi kizima, na nikawaacha.

Wengine walimleta katika zama hizi, na hapo mambo yalinoga. Mmoja alimfikisha kwenye daraja la Rusizi, akamsimamisha mbele ya afisa wa mpakani ambaye hakuvutiwa na kiko chake, na mwisho wa ukurasa wa nne bwana mkubwa alikuwa bado hajavuka. Mwingine alimpeleka Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga, na kumfanya asikie Kiswahili cha aina tatu katika asubuhi moja: cha Bukavu, cha Bujumbura na cha redio. Bwana Msa wake akagundua uongo wa shahidi kwa sababu mtu aliyedai kwamba hajawahi kutoka Rwanda alitumia neno la ng'ambo. Nilimpa alama kubwa kuliko niliyokusudia. Huo ni upelelezi wa isimujamii, na nilikuwa nimeifundisha isimujamii kwa miaka kumi bila kupata mfano mzuri kama ule.

Insha iliyonikalia zaidi ilimwondoa Bwana Msa kabisa. Mwandishi wake, binti wa hapa mjini, aliandika kwamba bwana yule alifika, akauliza, watu wakamjibu kwa heshima, na asipate kitu. Aliyepata alikuwa mama muuza samaki anayevuka mpaka kila siku, ambaye hajamwuliza mtu swali hata moja. Alikuwa anajua nani alinunua nini, kiasi gani, na siku gani alibadilisha njia. Na alipojua aliyeua, kisa hakikuisha kwa mkusanyiko sebuleni na kidole kunyooshwa. Kilikwisha mama akiwa nje ya mlango wa mtu huyo jioni, akipiga hodi, amekuja kumtaka aseme mwenyewe. Hatuambiwi kama mlango ulifunguliwa.

Niliuliza kwa nini ameishia pale. Akajibu kwamba kusema siyo kazi ya mpelelezi.

Sasa nirudi kwa wenzangu wawili. Kwa wa sarufi: ni kweli, haki za Abdulla hazijazimika, na hakuna insha hata moja kati ya hizi itakayochapishwa ikiwa na jina la Bwana Msa. Zoezi la darasani si kitabu dukani. Wala sioni tofauti kubwa kati yake na zoezi lako la kuwapa wanafunzi nusu ya sentensi waikamilishe. Kwa yule wa pili: Kiswahili kimekuwa lugha rasmi hapa kwa sheria ya mwaka 2017, miaka kumi baada ya nchi kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu hapo nimesikia hotuba nyingi kuhusu biashara na utangamano. Ni sawa. Lakini mwanafunzi hajifunzi lugha kwa sababu ya hotuba. Huko nyuma, kabla ya sheria yoyote, watu wa mji huu walisoma Kiswahili kwa hiari yao, vitabu vikipita mpakani vikiwa vimechakaa, kwa sababu walitaka kujua nani ameua. Wengi wao hawakupata kusoma fasihi dhati hata ukurasa mmoja, na Kiswahili chao ni kizuri kuliko cha wengi wetu wenye shahada.

Zoezi litarudiwa muhula ujao, safari hii kwa Joram na Nuru. Kabati la idara lina nakala mbili za Mzimu wa Watu wa Kale, moja ya Kikosi cha Kisasi isiyo na ukurasa wa 33 hadi 48, na moja ya Kosa la Bwana Msa ambayo sura yake ya mwisho imeliwa na mchwa. Mwenye nakala kamili ya hizo mbili za mwisho tunamwomba aje nazo ofisini siku ya Jumanne au Alhamisi asubuhi. Tutatoa fotokopi za kurasa zinazokosekana na kumrudishia kitabu chake palepale.